Kathinoni ni Nini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kemikali ya Miraa na Asili ya Jina Lake

Neno "kathinoni" hukutana nalo kwenye majibu ya maabara, kwenye hukumu za mahakama na, tangu mvutano wa muguka wa Mei 2024 kule Mombasa, kwenye taarifa ya habari ya jioni. Wengi hulichukua kama jina la kitaalamu la miraa. Hapo ndipo ubishi mwingi unapoanzia, maana miraa ni mti na kathinoni ni kemikali moja tu kati ya nyingi zilizomo ndani ya mti huo, tena kemikali isiyodumu. Ukizichanganya, hutaelewa sheria, hutaelewa vipimo, wala hutaelewa kwa nini magari ya miraa hukimbia vile.

Kwa kifupi, kathinoni ni nini?

Ni kichangamshi cha asili kilichomo katika majani machanga na maganda ya vijiti vya mti ambao wataalamu wa mimea wanauita *Catha edulis*. Ndio mti unaoitwa miraa Kenya, mirungi Tanzania, mairungi Uganda, qaad kwa Wasomali, qat Yemen na chat Ethiopia; Waingereza huuita khat. Vijana wana majina yao: veve, gomba, jaba. Muguka wa Embu na Mbeere nao ni mti huohuo.

Kathinoni ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya ile hali ambayo watafunaji wanaiita handas au stimu: usingizi kuruka, maneno kumiminika, njaa kusahaulika.

Jina hili limetoka wapi?

Limeundwa kwa vipande vitatu, na kila kipande kina historia yake.

Cha kwanza ni "Cath-", kutoka *Catha*. Mwaka 1761 msafara wa kisayansi ulitumwa na Mfalme Frederick V wa Denmark kwenda Uarabuni. Miongoni mwa wasafiri alikuwamo Peter Forsskål, kijana mzaliwa wa Helsinki, mwanafunzi wa mtaalamu wa mimea Carl Linnaeus. Forsskål alijua Kiarabu, akawa anawauliza wenyeji majina ya mimea na kuyaandika. Kule Yemen akakuta watu wanatafuna majani ya mti wanaouita *qāt*. Akalichukua jina hilo kama lilivyo, akalipa sura ya Kilatini, likawa *Catha*. Hakurudi kwao. Malaria ilimuua katika mji wa Yarim mwezi Julai 1763, akiwa na umri wa miaka 31. Wenzake nao walikufa mmoja baada ya mwingine mpaka akabaki Carsten Niebuhr peke yake, na ndiye aliyerudi na maandishi ya rafiki yake na kuyachapisha mwaka 1775. Kwa hiyo neno tunalodhani ni la Kizungu, shina lake ni la Kiarabu cha Yemen. Lile *edulis* linalofuata ni Kilatini, maana yake "kinacholiwa".

Kipande cha pili ni "-in-". Wanakemia wa Ulaya wa karne ya 19 walikuwa na desturi ya kuipa kila kemikali chungu waliyoitoa kwenye mmea jina lenye mwisho huo: mofini kutoka afyuni, kafeini kutoka kahawa, nikotini kutoka tumbaku. Mwaka 1887, wanakemia Flückiger na Gerock walitoa kemikali ya namna hiyo kwenye majani ya qat, wakaiita katin. Ndiyo tunayoiita leo kathini.

Cha tatu ni "-oni", na hiki ni alama ya kikemia. Kinaonyesha kwamba kemikali hiyo ni ketoni, yaani ndani yake kuna atomu ya oksijeni iliyoshikamana na kaboni kwa kifungo maradufu, huku kaboni hiyo ikiwa katikati ya kaboni nyingine mbili. Mwisho huohuo umo katika asetoni ya kufutia rangi ya kucha na katika projesteroni, homoni ya wanawake. Kathini ikipata umbo la ketoni, inakuwa kathinoni. Jina lote, basi, linasomeka hivi: ketoni ya ile kemikali ya mti wa qat.

Kama kathini ilijulikana 1887, kwa nini kathinoni ilisubiri hadi 1975?

Kwa sababu ya usafiri. Maabara zilikuwa Ulaya, mti ulikuwa Yemen, Ethiopia na Meru. Majani yalisafirishwa yakiwa yamekaushwa, na yalipofika mezani kwa mwanakemia, kathinoni ilikuwa imeshageuka. Alichokikuta ni kathini. Mwaka 1930 mwanakemia Wolfes alithibitisha kwamba kathini ni noripseudoefedrini, ndugu wa efedrini (kichangamshi cha mmea mwingine), na kwa miaka mingi ikaonekana habari imeishia hapo.

Haikuisha, maana hesabu haikulingana. Kathini iliyopimwa kwenye majani ilikuwa dhaifu mno kueleza mtu kukesha hadi alfajiri akipiga soga. Na watafunaji wenyewe tangu zamani walikuwa wakisema kwamba miraa iliyolala haina kitu. Wataalamu walikuwa na jibu mbele yao, ila lilitoka katika vinywa vya watu ambao hawakuwa wanasayansi.

Mwaka 1971 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliagiza utafiti wa kina wa kemia ya khat. Maabara ya Umoja wa Mataifa ikafanya kazi na majani mabichi, na mwaka 1975 ikaitoa kemikali iliyokuwa ikiwaponyoka wengine. Hiyo ndiyo kathinoni.

Ina maana gani kusema kathinoni "haidumu"?

Jani likishachumwa na kuanza kunyauka, vimeng'enya vyake (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia) huigeuza kathinoni kuwa kathini na noriefedrini, ambazo ni dhaifu zaidi. Kazi hiyo hufanyika ndani ya siku mbili hadi tatu hivi. Baada ya hapo unatafuna kijiti kilekile, ukuni uleule, lakini umeshakosa ulichokilipia.

Biashara nzima imejengwa juu ya saa hizo. Nenda Maua, katika milima ya Nyambene, utazame. Vijiti vimechumwa asubuhi, vinapangwa kwa urefu, vinafungwa kwa kamba ya mgomba kuwa vifungu vidogo, vifungu vinakusanywa kuwa "kilo" (usiipeleke kwenye mizani, hiyo ni idadi ya vijiti wala haihusiani na uzito), kisha kilo zinaviringishwa katika majani mabichi ya mgomba ili zisipoteze unyevu. Kuanzia hapo ni mbio. Pikapu zinazoteremka kuelekea Nairobi zimepata sifa mbaya kwa mwendo wake, na zimeua watu. Dereva hajawahi kulisikia neno kathinoni, lakini anaijua tabia yake kuliko wengi waliolisoma darasani.

Ndiyo maana vilevile vichipukizi vichanga vina bei kubwa kuliko majani yaliyokomaa. Kathinoni hujazana kwenye sehemu changa za mmea.

Kathini na kathinoni zinatofautianaje?

Kathinoni ina nguvu zaidi, inafika kwenye ubongo haraka zaidi na inaondoka mwilini mapema. Kathini ni dhaifu na inakawia. Mtu akitafuna majani mabichi, anapata zote mbili kwa mpigo, na noriefedrini kidogo.

Uchambuzi mmoja wa miaka ya 1980, uliotumia sampuli za nchi mbalimbali, ulikuta wastani wa miligramu 36 za kathinoni na miligramu 120 za kathini katika kila gramu 100 za majani mabichi. Usizichukulie takwimu hizi kama kipimo cha kifungu ulichonunua leo. Mti, udongo, mwinuko, umri wa chipukizi na saa zilizopita tangu kuchumwa, vyote hubadilisha hesabu.

Neno "kichangamshi" lenyewe lina maana gani kitabibu?

Ni kitu kinachoongeza kasi ya kazi za mfumo mkuu wa neva: kuwa macho, kuwa makini, moyo kupiga haraka. Kafeini ni kichangamshi, nikotini ni kichangamshi, kokeini pia. Kwa hiyo neno hilo halimaanishi "dawa ya kulevya", wala halimaanishi "kitu salama". Linataja mwelekeo wa kazi yake tu. Lugha za Ulaya zinatumia neno lililotoka katika *stimulus* ya Kilatini, fimbo yenye ncha ya kumchomea ng'ombe wa kulima ili asonge. Nadhani neno la Kilatini lilikuwa na ukweli ambao letu limeuficha: ng'ombe aliyechomwa anaongeza mwendo, lakini hajaongezewa nguvu. Anatumia akiba yake.

Ni kweli kwamba miraa ni amfetamini?

Hapana, ila swali hili si la kipuuzi. Ukichora molekuli ya amfetamini kisha ukaongeza ile oksijeni ya ketoni kwenye mkia wake, umepata kathinoni. Tofauti kubwa ya umbo ni hiyo. Ndiyo sababu vitabu vingine vinaiita "amfetamini ya asili".

Jina la amfetamini lilipatikana kwa njia tofauti kabisa. Halina mmea ndani yake. Ni silabi zilizokatwa kutoka jina refu la kikemia, alfa-methilifenethilamini, zikaunganishwa. Kemikali yenyewe ilitengenezwa Berlin na Mromania Lazăr Edeleanu mwaka 1887, mwaka uleule ambao Flückiger na Gerock waliipata katin. Hakuna aliyejua kwamba vitu hivyo viwili ni ndugu.

Kwa vitendo, ile oksijeni ina maana kubwa. Inaifanya kathinoni isiyeyuke vizuri katika mafuta, hivyo hupenya kwa shida zaidi kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo. Mwili pia huivunja haraka: kiwango chake kwenye damu hupungua nusu kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Ongeza kwamba mtu anaipata kwa kutafuna taratibu kwa saa nyingi, shavu likiwa limejaa, wala hamezi kidonge. Njia ya kuingia mwilini ni nusu ya habari katika dawa zote, na watu huisahau.

Inafanya nini hasa ndani ya mwili?

Inazisukuma seli za neva zimwage dopamini na noradrenalini, na inachelewesha kurudishwa kwake ndani. Dopamini inaleta raha na ari. Noradrenalini inauweka mwili katika hali ya tahadhari: moyo unakwenda mbio, shinikizo la damu linapanda, mboni za macho zinapanuka, mdomo unakauka, njaa inapotea. Kilele cha kathinoni kwenye damu hufika baada ya saa mbili hivi tangu kuanza kutafuna.

Watafunaji wanaijua ratiba hii bila mashine. Saa ya kwanza ni ya kuchuna maganda kwa meno, kuweka bigijii au njugu ili kukata uchungu, na soda au kahawa pembeni. Baadaye ndipo mipango inapoanza: nyumba zinajengwa, biashara zinafunguliwa, wabunge wanaondolewa, yote hapohapo kwenye mkeka. Kisha kunakuwa kimya. Kesho yake ni uchovu, hasira za karibu na usingizi uliopotea ukidai deni.

Kukosa choo na bawasiri, ambavyo wengi huvitupia kathinoni lawama, vinachangiwa sana na tanini, kemikali nyingine iliyomo kwa wingi katika majani na maganda hayo. Ni mfano wa yale niliyoyasema mwanzo: si kila linalotokana na miraa limetokana na kathinoni.

Muguka una kathinoni nyingi kuliko miraa?

Swali hili lilipamba moto Mei 2024, pale gavana wa Mombasa alipopiga marufuku muguka katika kaunti yake, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, wakulima wa Embu wakaenda mahakamani, na Rais Ruto akasema amri hizo hazina nguvu kwa kuwa sheria ya taifa inautambua muguka kuwa zao halali.

Kwa upande wa kemia, aina ya mti ni ileile. Kinachobadilika ni namna ya kutumia. Kwenye miraa ya vijiti mtu huchuna ganda la chipukizi na kutupa mti wa kati. Kwenye muguka hutafunwa majani machanga yenyewe, mengi kwa pamoja, na bei yake ni ndogo. Kijana mwenye sarafu chache mfukoni anaweza kutia mdomoni kiasi kikubwa ndani ya muda mfupi. Mimi naona hoja ya bei na umri wa wanunuzi ni nzito kuliko hoja ya "muguka ni sumu zaidi", lakini kwenye redio ni ile ya pili iliyosikika.

Je, kathinoni ni haramu?

Kemikali yenyewe, ndiyo, karibu kote. Imo katika Jedwali la I la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, lililo kali kuliko yote. Kathini imo katika Jedwali la III. Lakini mti wenyewe haumo katika mkataba. Mwaka 2006 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani iliutazama upya, ikaona madhara yapo lakini hayafikii kiwango cha kuuweka chini ya udhibiti wa kimataifa. Kila nchi ikaachiwa iamue.

Na nchi zimeamua kila moja kivyake. Kenya inaitambua miraa kuwa zao la biashara chini ya Sheria ya Mazao, na imetunga Kanuni za Miraa za 2023. Ethiopia na Djibouti wanaiuza waziwazi. Tanzania imeipiga marufuku: mirungi ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, na mashamba katika milima ya wilaya ya Same yamefyekwa katika operesheni za mamlaka. Ukivuka Namanga na kifungu mfukoni, kwa hatua chache tu umetoka kuwa mteja na umekuwa mtuhumiwa.

Saudi Arabia na nchi jirani zake za Ghuba zinaadhibu vikali. Marekani inayahesabu majani mabichi kuwa na kathinoni, na kathinoni imewekwa katika kundi lake la kwanza tangu 1993. Uholanzi ilifunga soko mwaka 2013, Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014. Uamuzi wa London uliumiza Nyambene moja kwa moja, kwa sababu ndege ya usiku kutoka Nairobi ilikuwa inafika na mzigo ungali na nguvu. Somalia, mnunuzi mkubwa aliyebaki, nayo ilizuia ndege za miraa ya Kenya kuanzia Machi 2020 hadi katikati ya 2022.

"Kathinoni za kutengenezwa" ni zipi, na zinahusiana na miraa?

Zinahusiana kwa jina na kwa umbo tu. Hazitoki shambani. Mwanakemia huchukua kiunzi cha kathinoni, akabandika kipande hapa na kuondoa kingine pale, akapata kitu kipya. Methikathinoni ilitengenezwa mwaka 1928, mefedroni mwaka 1929. Zilikaa kwenye majarida kwa miongo kadhaa, kisha kuanzia miaka ya 2000 zikaibuka mitaani Ulaya na Marekani, zikiuzwa kwenye pakiti zilizoandikwa "chumvi ya kuogea" au "mbolea ya mimea, si chakula cha binadamu" ili kuikwepa sheria. Uingereza iliipiga marufuku mefedroni Aprili 2010. Baadhi yake hupanda kwa nguvu sana na zimewafikisha watu hospitali wakiwa na homa kali, fujo na kuweweseka.

Kisa cha Israel kinafundisha zaidi kuliko vyote, kwa sababu pale ilitumika kathinoni yenyewe. Kwenye miaka ya 2003 na 2004 vibanda vya mitaani viliuza vidonge viitwavyo Hagigat, jina lililounganisha neno la Kiebrania la sherehe na *gat*, yaani khat. Watangazaji walisema ni kitu cha asili. Kila kidonge kilikuwa na miligramu 200 za kathinoni. Rudi kwenye hesabu ya juu: ni zaidi ya mara tano ya wastani uliopatikana katika gramu 100 za majani, tena imemezwa mara moja badala ya kutafunwa jioni nzima. Watu walifika hospitalini na maumivu makali ya kichwa, kutapika, shinikizo la damu, maumivu ya kifua, na wachache wakiwa na maji kwenye mapafu au damu iliyovuja kwenye ubongo. Vikapigwa marufuku 2004.

Kuna dawa halali ya hospitali katika ukoo huu?

Ipo. Bupropioni, inayotumika kutibu sonona na kuwasaidia watu kuacha sigara, kikemia ni mtoto wa kathinoni. Imebadilishwa kiasi kwamba haileti raha ile na hutumika duniani kote. Haifai kwa mwenye kifafa. Kama umeandikiwa dawa hii na unatafuna miraa, mwambie daktari. Hatashangaa.

Kipimo cha mkojo kitanionyesha?

Vipimo vingi vya haraka vya amfetamini havikutengenezwa kwa ajili ya kathinoni, na mara nyingi haviioni. Maabara kamili huiona, ila kwa njia ya mzunguko: mwili hutoa kathinoni kidogo sana ikiwa nzima, sehemu kubwa inatoka ikiwa imegeuzwa kuwa noriefedrini na kathini.

Wanariadha wasome hapa mara mbili. Shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni limekataza kathinoni wakati wa mashindano, na limekataza kathini inapozidi mikrogramu 5 katika kila mililita ya mkojo. Na kathini hutokea pia mwilini mwa mtu aliyekunywa pseudoefedrini, iliyomo katika dawa nyingi za mafua. Mkimbiaji anaweza kujikuta pabaya bila kuuona mti wa miraa maishani mwake.

Natumia dawa za hospitali. Niache kutafuna?

Wenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au historia ya kiharusi: ndiyo, na hakuna haja ya kuzunguka. Unameza kidonge cha kushusha shinikizo asubuhi na kulipandisha jioni. Waliowahi kuugua maradhi ya akili ya kuona au kusikia visivyokuwapo wako katika hatari ya kurudiwa, hasa wakitafuna sana. Wanaotumia dawa za sonona za aina ya vizuizi vya MAO (zinazozuia kimeng'enya kinachovunja dopamini na noradrenalini) wasithubutu.

Kuna jambo dogo ambalo watu wengi hawalijui. Utafiti uliofanywa Yemen ulionyesha kwamba ampisilini inayomezwa wakati mtu anatafuna hufyonzwa kwa kiasi kidogo zaidi. Meza dawa yako saa mbili au zaidi baada ya kutema.

Maumivu ya kifua, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au mtu kuanza kuona maadui wasiokuwapo: msimpe maziwa mkasubiri. Mpelekeni hospitali, na mseme wazi alichotafuna na tangu saa ngapi.

Na mjamzito au anayenyonyesha?

Aache. Kutafuna wakati wa ujauzito kumehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo, na kathini imepatikana katika maziwa ya mama.

Inaleta uraibu?

Kwa baadhi ya watu, ndiyo, lakini ni uraibu wa mazoea na hamu zaidi kuliko ule wa mwili kutetemeka na kuumwa kama kwa heroini. Anayeacha ghafla hulala sana, hukosa ari, huwa mkali, huota ndoto mbaya kwa siku kadhaa. Dalili ninayoiangalia mimi ni pesa na saa: ikiwa miraa inanunuliwa kabla ya unga, au ikiwa mtu hawezi kuzungumza na familia yake mpaka shavu lijae, jina la kemikali halitusaidii tena, anahitaji mtu wa kumsaidia.

Graba ni nini? Nimesikia iliyokaushwa haina kathinoni.

Graba ni khat ya Ethiopia iliyokaushwa, ambayo baada ya Ulaya kufunga milango ilianza kusafirishwa kwa posta ikiwa ndani ya mifuko iliyoandikwa chai au hina. Wanaoituma huamini kwamba jani likishakauka, kathinoni imekwisha na sheria haiwagusi. Wamesoma nusu ya somo. Kinachoiua kathinoni ni kunyauka polepole, vimeng'enya vikiwa bado vinafanya kazi. Jani likikaushwa upesi, au likigandishwa kwenye barafu, vimeng'enya husimama na sehemu ya kathinoni hubaki palepale. Maabara za forodha zinalijua hilo, na Uingereza sheria yake inautaja mmea wenyewe, kwa hiyo ukavu wa jani hautakuwa utetezi. Ndugu yako wa Minneapolis au Leicester akikuomba umtumie "majani ya chai" ambayo huyajui, mwambie anywe chai ya huko.